Pepeta kwa Bei ya Kutupa

1

Magemu yenyewe yalikuwa yameshakufa. Kilichobaki ni muziki wake, na muziki huo ulikuwa unauzwa kapu zima kwa bei ya kutupa. Dada Stamili alinitumia kapu hilo asubuhi, akaniandikia maneno yale yale ya kila mara: sikiliza yote, sema linamfaa nani, sema kama linastahili bei yake, usizunguke.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nasikiliza vitu vinavyouzwa, kisha naandika, na kipindi cha Soko la Sikio kinawasomea watu maandishi yangu kwa sauti ya mtu mwingine. Dada Stamili ndiye mhariri. Sijawahi kumwona, naye hajawahi kuniona, na ndiyo maana kazi hii imenikalia vizuri. Mimi nikisimama mbele ya watu, hata wakiwa wawili tu, sauti inanikauka. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka ambao mvua iligoma Igalula nzima na mama akaanza kuugua. Lakini masikio hayaulizwi cheti, na kuandika nimejifunza kwa kuandika.

Nikakaa barazani na hedifoni zangu. Baba alikuwa uani anafuta vumbi kwenye paneli za sola, taratibu, kwa kitambaa kikavu, kama alivyofuta paneli za watu maisha yake yote.

Gemu la kwanza lilikuwa la kukimbiza mbuzi. Muziki wake ni filimbi na makofi. Nikaandika kwamba unamfaa mtu anayefua, kwa sababu unaipa mikono mwendo na hauombi kusikilizwa. La pili lilikuwa la kupanga matofali, na zeze lake linarudia sauti mbili mpaka kichwa kinagonga. Nikaandika kwamba ni zawadi nzuri kwa jirani usiyempenda. La treni lilikuwa zuri kweli, lina mvua ndani yake, mvua ya zamani inayopiga bati bila haraka, na nilikaa nalo kuliko nilivyohitaji.

Yote yalikuwa ya kampuni moja, Ulimbo. Kadiri nilivyoendelea niliona kitu ambacho nilidhani ni ufundi tu. Katika muziki wa mchezaji aliyeshinda, kwa chini kabisa, mtu alikuwa analia. Katika muziki wa aliyeshindwa kulikuwa na vigelegele. Nikaandika: watunzi hawa wanapenda kuchanganya uchungu na utamu. Niliiona sentensi hiyo kuwa nzuri.

Kisha nikafika Pepeta.

Pepeta nililifahamu, kwa sababu lilikuwa gemu la mama. Unapewa ungo wenye mtama, unausogeza kwa kidole, makapi yanapeperuka, punje zinabaki. Basi. Alilicheza miaka yote ya ugonjwa wake, amelala ubavu, kidole kikienda na kurudi kwenye kioo. Pembeni mwa kioo kulikuwa na taa ndogo ya kijani iliyokuwa ikiwaka mara moja moja, na ikiwaka pointi zinapanda. Watu walisema ni taa ya bahati. Mama alikuwa akiniuliza kama nimeiona, mimi nikiitika bila kugeuka.

Nikasikiliza vipande vya mwanzo. Vizuri, vya kawaida. Kikaja kipande cha hatua ya mwisho, ile ambayo mama hakuifikia. Kilianza kwa kikohozi.

Kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayesafisha njia kabla ya kusema. Kikarudi, kikawa ngoma. Juu yake ikaja sauti ya mwanamke anayeita kuku, kulu-kulu-kulu, imevutwa ikawa wimbo. Halafu, katikati, muziki ukanyamaza na sauti hiyo hiyo ikasema kwa uchovu, "Baba Nyamizi, viatu hivyo. Viatu mlangoni."

Nyamizi ni mimi.

Nilivuta hedifoni kwa nguvu, waya ukachomoka, muziki ukatoka kwenye spika ya simu na kujaa baraza. Kulu-kulu-kulu. Kuku wetu wawili wakainua vichwa. Baba akaacha kufuta. Alisimama pale na kitambaa mkononi mpaka wimbo ukaisha, kisha akaja akaketi karibu yangu kwenye mkeka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

2

Tangu siku hiyo baba aliacha kufuta paneli. Vumbi likakaa, umeme wetu ukapungua, naye hakujali. Aliamka, akanywa uji, akakaa barazani na kunyoosha mkono apewe simu. Alisikiliza kikohozi, akasikiliza kuku, na sauti ilipofika kwenye viatu alikuwa anatazama mlango. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata msibani, na sasa pia hakulia. Alipona kidogo tu. Alianza kula. Alinisimulia habari ya mbuzi aliyekula hirizi ya babu, habari ambayo hakuisimulia tangu tumzike mama.

Nilimwandikia Dada Stamili, nikamuuliza sauti ya mama yangu imefikaje kwenye gemu. Kwa mara ya kwanza alinipigia. Sikuweza kupokea. Akaandika, basi, na alichoandika nakieleza hapa kwa ufupi, kwa sababu watu wengi walicheza miaka mingi bila kukijua.

Magemu ya Ulimbo yalikuwa ya bure, na cha bure kina mwenyewe. Ulipogusa kioo, kioo kilisoma mapigo ya moyo wako kupitia kidole. Wakati huo huo simu ilikuwa inasikiliza chumba. Moyo ukiruka, sauti iliyokuwa chumbani dakika hiyo inakatwa na kutumwa kwenye ghala, kwa mashine ambayo wenyewe waliiita Mfumaji. Mfumaji anazichukua sauti za nyumba nyingi, anazinyoosha, anazifuma kuwa muziki, na kuzipeleka kwa wachezaji wengine, kwa sababu kilichourusha moyo mmoja mara nyingi huirusha na mingine, na mtu ambaye moyo wake unaruka haachi kucheza. Taa ya kijani haikuwa ya bahati. Iliwaka kila Mfumaji alipopata kitu.

Mfumaji alijua moyo umeruka. Hakujua umeruka kwa nini. Furaha na msiba kwake vilikuwa kimo kimoja, na ndiyo maana vilio vilikaa kwenye ushindi.

Halafu Dada Stamili akanieleza habari ya punguzo. Ulimbo walishindwa kulipia umeme na maji ya kupozea ghala. Kapu lilikuwa jaribio la mwisho. Likikosa wanunuzi hadi mwisho wa mwezi, ghala linazimwa na vyote vinafutwa, nakala za majaribio kama yangu zikiwemo, kwa kuwa zinachezwa kutoka huko huko. Likipata wanunuzi, kuna kampuni nyingine inasubiri kumnunua Mfumaji akiwa hai, imfungulie majumba upya.

"Wewe andika kama kawaida," alimalizia. "Tathmini yako itasomwa mikoa yote. Sema tu kama muziki ni mzuri."

Nilimtazama baba. Alikuwa anaita kuku pamoja na simu, kwa sauti ya chini, akijitahidi kwenda nayo sawa.

3

Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mbele yake sauti yangu haikauki. Ni Bi Mwamvua. Yeye ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na mtani huwezi kumwonea haya. Ukimwonea haya umemtukana. Walihamia huku wengi wao bahari ilipopanda, na yeye anasuka mikeka kwa nyuzi za mifuko ya plastiki, kwa kuwa miyaa haipo tena. Msibani kwa mama yeye ndiye aliyekuja kama mtani wetu.

"Mpagazi," aliniambia kabla sijafika mlangoni, "leo umekuja kubeba mzigo gani?"

Nikamjibu kwamba nimekuja kuona kama Mzaramo ameshajifunza kupika kitu bila nazi.

"Nazi ziko chini ya maji, samaki ndio wanakuna. Kaa. Na usinilie mikeka, najua michembe yenu ya viazi imeisha."

Nikampa hedifoni. Nilimwambia kwamba ni sauti ya mama, imepatikana. Alisikiliza huku vidole vinaendelea kusuka. Alitabasamu kikohozi kilipoanza. Sauti ilipofika kwa kuku, vidole vilisimama. Alipozivua hedifoni alizishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Kikohozi hicho ni changu," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila utani hata chembe, nami sikuwahi kumsikia hivyo. Siku zile za matanga mimi sikutoka chumbani. Nilisikia watu wanacheka uani nikawachukia. Walikuwa wanamcheka Bi Mwamvua, aliyevaa kitenge cha mama na miwani yake, akitembea kwa kuchechemea kama yeye, akikohoa kama yeye, akiita kuku wetu, akimgombeza baba habari ya viatu. Mtani kazi yake ni hiyo. Anamwazima marehemu kidogo, watu wacheke na kulia kwa pumzi moja, kisha anamrudisha.

Nikamuuliza simu ya mama ilikuwa kwa nani. Akasema ilikuwa kwa baba. Baba alikaa kwenye benchi siku zote za matanga na simu ya mkewe mkononi, kidole kinakwenda na kurudi kwenye kioo. Watu walidhani anajibu salamu za rambirambi. Alikuwa anammalizia mama hatua ya mwisho ya Pepeta.

"Siku ya kuanua matanga nilivua nguo zake," Bi Mwamvua alisema. "Nikasukutua kinywa, nikatema mlangoni kwenu, nikamwita mama yako kwa jina lake, Kalunde, nenda sasa. Nilimrudisha, mwanangu. Sasa huyu anayekohoa humu ni nani?"

Nilizichukua hedifoni mkononi mwake.

Aliniomba kitu kimoja tu: niandike watu wasinunue, kifutwe. Alisema kilio cha utani hakitoki nje ya matanga, na kwamba kama chake kimetoka basi vimetoka vya wengi, vya nyumba ambazo hata mtani hazikuwa naye. Nilimwambia kwamba baba ameanza kula. Nilimwambia kwamba kikifutwa sijui atabaki na nini.

"Atabaki na kaburi," akasema, "kama wajane wenzake." Akaokota nyuzi zake, lakini hakusuka.

4

Nilirudi kazini, lakini sasa nilikuwa nasikiliza kwa ajili yangu. Mama alicheza magemu ya Ulimbo miaka mingi. Simu ilikuwa chumbani kwake alipozungumza, alipoimba, alipotuita. Kama Bi Mwamvua aliingia kwa siku chache za matanga, mama mwenyewe lazima awemo mahali. Nikiliacha kapu lifutwe bila kumtafuta nitakuwa nimemfuta mara ya pili.

Nilisikiliza magemu yote upya, na sauti ikiwa juu kabisa ili nisikie vilivyofumwa chini. Nilisikia majumba ya watu. Nilisikia mlevi anaomba radhi. Nilisikia mkunga anasema ni wa kike, na kimya kifupi baada yake. Nilisikia mtu anaitwa kwa jina, tena na tena, na haitiki. Nilipotoa hedifoni nilikuwa na aibu, kama niliyechungulia madirisha ya kijiji kizima.

Mama hakuwemo.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Mashine ilichukua sauti zilizourusha moyo wa aliyeshika simu. Mama alipokuwa hai na baba ameishika simu, au mimi, yeye akasema chochote, mioyo yetu haikuruka. Alikuwa mama tu, anasema mambo ya kila siku. Nani anashtuka akiambiwa viatu? Tulimsikia kwa masikio ya mazoea, na mashine haikuona cha kuchukua. Moyo wa baba uliruka mama alipokufa na mtu mwingine akamwigiza.

Nilikuwa karibu kufunga nilipofika kwenye gemu moja dogo la kulisha samaki, ambalo hata jina lake nimelisahau. Muziki wake ni sauti ya bati. Bati linalia ng'eeee, kisha linagonga nguzo mara mbili. Baada yake mwanamume anakohoa na kusema, "Hodi wenye nyumba."

Nililijua bati hilo. Lilikuwa lango letu la zamani, lililofungwa kwa waya, ambalo upepo uliling'oa kabla mama hajafa. Na mwanamume ni baba. Kila jioni alipotoka kwenye paneli alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, kwa mzaha, na hakuna aliyecheka. Gemu la samaki, enzi za lango lile, hakuna mtu mwingine aliyelicheza kwenye simu ya mama. Kidole kilikuwa chake. Kila jioni lango lilipolia, mwanamke yule mgonjwa, amelala ubavu na samaki wake kwenye kioo, moyo wake uliruka. Kisha akasema habari ya viatu.

5

Niliandika hivi:

"Kapu hili ni la muziki wa magemu ya Ulimbo. Muziki umetengenezwa vizuri, na bei ni ndogo. Usilinunue. Kila kipande kimefumwa kwa sauti zilizochukuliwa majumbani mwetu tulipokuwa tunacheza. Humu mna vilio vya misiba yenu. Mna watoto wenu wakizaliwa, na wengine wasiolia. Mna sauti za watu mliowazika. Mimi nimemkuta mtu wa kwetu. Likikosa wanunuzi litafutwa, nao watapumzika. Liacheni lifutwe."

Baba sikumwambia. Nilimwachia simu kutwa nzima, asikilize kadiri awezavyo. Dada Stamili alisoma, akaniuliza mara moja tu kama nina uhakika, akaipeleka.

Sikujua watu. Hilo ndilo kosa langu, na pengine mtu anayekaa na watu asingelifanya. Nilidhani nikiwaambia kwamba wafu wao wako kwenye sanduku, watataka sanduku lizikwe. Waliuvunja mlango kulifikia. Kabla jua halijageuka kapu lilikuwa linanunuliwa na koo nzima nzima. Mwanamume wa Nzega aliniandikia akiuliza kwenye gemu gani atamsikia mtoto aliyefariki kwa surua. Mwanamke mmoja alitaka kujua kama sauti ya mumewe ikipatikana inaweza kukatwa pekee, bila ngoma. Wengine hawakuuliza kitu. Walinishukuru. Waliniita dada, waliniita mama, wakaniombea.

Jioni yake neno "punguzo" liliondolewa kwenye kapu. Bei ikapanda, na bado walinunua.

"Hakuna tathmini iliyowahi kuuza kama hii," Dada Stamili aliandika. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipongeza.

Mfumaji aliuzwa akiwa hai. Pepeta jipya lilikuja kabla ya msimu wa karanga, bure tena, na safari hii hawakujificha. Ukilifungua linakuuliza kwa adabu kama linaruhusiwa kusikiliza nyumba yako. Watu wanabonyeza ndiyo kabla swali halijaisha.

Msiba wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa jirani yetu, fundi baiskeli. Nilienda, nikakaa nyuma. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na kila mtu ana simu mapajani, kidole kinapepeta. Walikuwa wanasubiri mioyo yao iruke ili fundi aingie. Mjane alipolia, watu walitazama pembe za vioo vyao kwanza. Bi Mwamvua alipoingia walifurahi, wakamsogezea koti la marehemu, wakamsihi awachekeshe, taa iwake.

Aliketi kati ya wanawake kama mgeni, akajifunika khanga. Walipozidi kumsihi alisema jambo moja.

"Utani ni wa watu kwa watu. Hao mliowashika mapajani, makabila yao siyajui."

Hakuna aliyecheka. Alikula chakula cha msiba, akanawa, akaondoka. Tangu siku hiyo hamwigizi mtu. Na njiani kila anapopita, madukani, kwenye vibanda vya chai, anakutana na kikohozi chake.

6

Baba nilimwambia mwishowe, kwa sababu sikuweza tena kumsikia anaita kuku. Nilimwambia kwamba yule si mama. Ni Bi Mwamvua.

Hakuondoa macho kwenye mlango. "Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Alisema alijua tangu siku ya kwanza barazani. Mama hakuwa akiita kuku hivyo, alisema. Mwamvua alizidisha, ndiyo maana watu walicheka. Alikuwa amejaribu kuikumbuka sauti yenyewe, ya mama, namna alivyosema jambo lolote, na haikuja. Kilichokuja ni kile kilichozidishwa.

Basi nikampa gemu la samaki. Nilikuwa nimemwekea kama akiba, nikidhani siku mambo yatakapokuwa mabaya nitakuwa na kitu cha kumpa. Bati likalia. Likagonga mara mbili. Mwanamume akakohoa, akapiga hodi.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni wewe, baba."

"Mimi siongei hivyo."

Nikamweleza lango la zamani. Nikamweleza kidole cha mama, na jinsi mashine inavyochagua, na kwamba kila jioni moyo wake uliruka kwa ajili ya hodi hiyo. Nilizungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza na baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akacheza kipande tena, sikio karibu kabisa na spika, uso umekunjamana kwa juhudi. Nilimwona anatafuta. Hakuna alichokipata.

"Hakuwahi kuniambia," akasema. Kisha akanirudishia simu. "Niwekee ule wa viatu."

Sasa analo Pepeta jipya. Kidole chake kimeota kidonda kwa kupepeta, na hicho hicho ndicho kinachopepeta, kutwa.

Jana nilitoka kwa Bi Mwamvua, ambako siku hizi tunakaa tu, yeye anasuka na mimi nampa nyuzi. Lango letu la sasa ni la mbao na halina sauti. Nililitikisa makusudi. Nikasema, kwa namna ya baba mwenyewe, "Hodi wenye nyumba."

Baba alikuwa kwenye benchi. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Nikamwambia jua limekuwa kali. Akasema kali kweli. Nikamwambia Bi Mwamvua anamsalimu, na kwamba nitapika mboga ya nsansa, na kwamba paneli zina vumbi nitazifuta mimi. Nilisimama karibu yake nikisema mambo haya ya kila siku, kivuli changu kimeangukia kioo, na nilikuwa natazama pembeni pale. Taa ilikuwa nyeusi. Nikavua viatu vyangu, nikaviacha katikati ya mlango. Mtama ukaenda na kurudi. Nyeusi.

Ng'ambo ya ua, kwa jirani, simu ya mtu ikakohoa.

Taa ikawaka.